Nintendo na Miwani ya Uhalisia Pepe: Ushauri kwa Wazazi Wanaosubiri

Wazazi wenzangu wanaokusudia kuwanunulia watoto mashine ya gemu huniuliza kama inafaa wasubiri mpaka Nintendo nayo itoe miwani ya uhalisia pepe, ile inayoziba macho na kumfanya mchezaji ajione yumo ndani ya mchezo wenyewe. Ninawajibu wasisubiri. Tena, kwa niliyoyashuhudia sebuleni kwangu na kwa ninavyoijua historia ya kampuni hiyo ya Kyoto, nisingetamani mashine yake yoyote ijengwe juu ya miwani hiyo. Ni bora ibaki kuwa kiambata cha bei nafuu, ambacho familia inaweza kukitumia leo na kukiweka kabatini kesho bila mchezo wowote kusimama.

Wengi hudhani Nintendo imechelewa katika jambo hili, ilhali ukweli ni kwamba iliwahi mno. Mwaka 1995 iliuza Virtual Boy, mashine ya gemu ya kutazamia ndani, iliyobuniwa na Gunpei Yokoi, mhandisi yuleyule aliyeongoza utengenezaji wa Game Boy, mashine ya mkononi ya mwaka 1989. Ilisimama mezani kwa miguu yake, na mchezaji aliinama na kuingiza uso ndani yake ili aone picha nyekundu juu ya giza tupu. Rangi ilikuwa hiyo moja tu, kwa sababu taa ndogo nyekundu zilikuwa rahisi kwa bei na hazikula umeme mwingi. Kampuni yenyewe ilionya kwamba watoto wa chini ya miaka 7 wasiitumie. Iliuzwa Japani na Amerika Kaskazini pekee, ikatolewa michezo 22, kisha ikaachwa kabla ya kuuzwa hata mashine milioni moja.

Wanaosimulia anguko hilo hutaja maumivu ya kichwa na ule wekundu. Mimi naona kasoro kubwa zaidi ni kwamba aliyekaa kando ya mchezaji hakuona chochote. Virtual Boy ilikuwa na tundu la kuiunganisha na nyingine ili watu wawili wacheze pamoja, lakini waya wa kazi hiyo haukuwahi kuuzwa. Game Boy nayo ilikuwa na kioo kidogo, hata hivyo ndugu aliweza kuchungulia begani, na waya wa kuunganisha mashine mbili ulikuwepo, ndipo watoto wakashindana katika mchezo wa Tetris na baadaye wakabadilishana viumbe wa mchezo wa Pokémon.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu pale ndugu yetu alipokuja likizo Dar es Salaam na miwani ya kampuni nyingine, yenye sifa nzuri na picha safi kwelikweli. Kijana wangu aliivaa, akaanza kucheka na kurusha mikono. Mama yangu, aliyekuwa ameketi mkekani, alimuuliza, “Mjukuu wangu, unacheka nini?” Kijana hakusikia, kwa kuwa masikio nayo yalikuwa yamezibwa. Wadogo zake walipanga foleni, na waliokuwa kwenye foleni hawakuwa na la kutazama isipokuwa mtu aliyefunikwa uso. Siku nyingine mama huyohuyo hucheza nao mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha vigingi, ule uliopata umaarufu tangu enzi za Wii, mashine ya Nintendo ya mwaka 2006. Hajui kubonyeza vitufe vingi, ila anajua kurusha mkono, na kila mtu anaona kwenye runinga tufe limekwenda wapi, kwa hiyo wanaomcheka na wanaomshangilia wote wamo. Bao la barazani huchezwa na wawili na kufurahiwa na baraza zima, na gemu nzuri ya familia ni hivyohivyo. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 100 kwa sababu hiyo, wala haikuwa na picha kali kuliko za wapinzani wake.

Kwa hiyo kipimo changu, ambacho namshauri kila mzazi akitumie kabla ya kutoa pesa, ni kujiuliza wale ambao hawajavaa miwani watakuwa wanafanya nini. Ikiwa jibu ni kwamba wanasubiri zamu, basi umenunua kifaa cha mtu mmoja, hata kama boksi lake lina picha ya familia inayotabasamu.

Liko pia suala la mwili, na hapa nawaomba wazazi wasilipuuze. Macho yanauambia ubongo kwamba mtu anakimbia, ilhali sikio la ndani, linalopima mwendo na mizani ya mwili, linasema ameketi; ndiko kichefuchefu kinakotokea, kwa njia ileile kinavyompata abiria anayesoma ndani ya basi. Aidha, macho hugeukia ndani kana kwamba kitu kiko karibu, huku lenzi ya jicho ikibaki imelenga kioo kilicho kwenye umbali usiobadilika, na mvutano huo huchosha. Nafasi kati ya mboni za mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima, wakati miwani nyingi zimepimwa kwa kichwa cha mtu mzima. Sony iliweka umri wa kuanzia miaka 12 kwa PlayStation VR, miwani ya mashine zake za PlayStation, na Meta, inayotengeneza miwani ya Quest, iliruhusu watoto wa miaka 10 mwaka 2023, kwa akaunti zinazosimamiwa na wazazi. Kampuni yenye wateja wengi walio watoto, ikijenga mashine yake juu ya miwani, ingewafungia mlango wateja hao hao.

Sisemi kwamba Nintendo iikimbie teknolojia hii. Njia niipendayo imekwisha kuionyesha yenyewe. Nintendo 3DS, mashine ya mkononi ya mwaka 2011, ilionyesha picha zenye kina bila miwani yoyote, ikiwa na kitelezi cha kupunguza au kuzima kina hicho, na mzazi aliweza kukifunga kwa ajili ya watoto wa miaka 6 kushuka chini. Mwaka 2013 ikaja 2DS, iliyocheza michezo ileile bila kina kabisa. Kisha, Aprili 2019, ikatoka Labo VR: kadibodi ambazo mtoto huzikunja mwenyewe mpaka zipate umbo la kamera, ndege au tembo, halafu Switch, mashine ya Nintendo ya kubebeka, inachomekwa ndani. Haikuwa na mkanda wa kichwani. Unaishika usoni kwa mikono, mikono ikichoka unampa mwenzako, na kwa njia hiyo muda mfupi wa kutazama ulipangwa na umbo la kifaa chenyewe bila mzazi kupiga kelele. Udhaifu wake ulikuwa wazi, kwa maana kioo cha inchi 6.2 chenye nukta 1280 kwa 720 kiligawanywa kwa macho mawili, hivyo picha ilikuwa na chengachenga. Watoto wangu hawakujali hilo. Mimi nilijali kidogo.

Wapo wanaosema kampuni inapoteza soko kwa woga. Nawaomba waitazame Sony, ambayo haikuogopa: mwishoni mwa mwaka 2019 PlayStation VR ilikuwa imeuza zaidi ya milioni 5, wakati PlayStation 4 inayoiendesha ilikuwa imevuka milioni 100. Ni kama mwenye mashine mmoja kati ya ishirini. Toleo la pili lilitoka mwaka 2023 kwa dola 549.99, bei iliyozidi ile ya PlayStation 5 yenyewe ilipoanza kuuzwa.

Kwa sisi tulio mbali na maduka rasmi, bei ya dukani si mwisho wa gharama. Kijiti cha pedi ya kuchezea gemu kikichakaa, fundi wa simu Kariakoo anaweza kukibadilisha ukisubiri. Lenzi ya miwani ikikwaruzwa na mchanga au kuachwa juani, ambako mwanga unaokusanywa na lenzi huunguza kioo cha ndani, sijui fundi wa kumpelekea. Mwenye pesa ya kununua miwani ningemshauri aongeze pedi mbili na gemu moja ya watu wanne.

Septemba 2025 Nintendo ilitangaza kwamba michezo ya Virtual Boy ingerudi kwa wanachama wa huduma yake ya mtandaoni, kukiwa na kifaa cha plastiki kinachofanana na kile cha zamani kwa dola 99.99 na kingine cha kadibodi kwa dola 24.99, vyote vya kuchomeka Switch. Mtoto wako akikusihi sana, na amekwisha kutimiza miaka 7, mwagizie kile cha kadibodi, kisha mwekee sharti kwamba kila anayekishika asimulie kwa sauti anachokiona mpaka atakapompa mwenzake.