Kadi ya afya na presha ya mama: jibu kwa aliyeuliza kama alipie SHA

Ndugu, umeuliza kama kuna maana ya kulipia SHA, bima ya afya ya umma hapa Kenya, mwaka mzima ilhali wewe na mkeo hamjawahi kulazwa tangu muoane, na fedha hizo zingeongeza bidhaa dukani. Mimi nauza mitumba hapa soko la Kibuye, Kisumu, kwa hivyo najua uzito wa kutoa fedha za mwaka kwa mkupuo. Nitakujibu kwa niliyoyaona kwa mama yangu, ambaye ana presha na anaishi upande wa Muhoroni.

Zamani mama alikwenda hospitali pale tu kichwa kilipomuuma hadi macho yakaingia kiza, kwa sababu kila safari ilidai nauli, ada ya kumwona daktari na bei ya dawa, na mauzo yake ya mboga hayakuweza kuyabeba yote matatu. Dawa za mwezi alizigawa: kidonge leo, kesho apumzike. Siku moja nilivikuta vidonge vya miezi miwili nyuma ndani ya kopo la majani ya chai, amevifunga kwa kipande cha karatasi ya daftari. Wiki hiyohiyo alipimwa akawa na 190 kwa 110, na muuguzi hakumruhusu hata kuinuka kitini.

Desemba 2018 serikali ilizindulia hapa Kisumu mpango wa majaribio wa Afya Care, uliohusisha pia Nyeri, Isiolo na Machakos, na ada katika hospitali za umma zikaondolewa kwa waliosajiliwa. Mama alianza kwenda kliniki kila mwezi, hata akiwa mzima, na kwangu hilo ndilo lililokuwa badiliko kubwa. Muuguzi yuleyule alimwandikia vipimo katika daftari dogo, akamuuliza habari za chumvi, na mwezi uliofuata akamuuliza tena. Ushauri wa kupunguza chumvi mama alikuwa ameusikia miaka mingi bila kuujali. Aliushika alipojua kwamba baada ya wiki nne kuna mtu atakayeulizia. Omena ya kwake ikaanza kupikwa kando, na tarakimu za daftarini zikashuka mwezi baada ya mwezi hadi 140 na ushei.

Baadaye dawa zilianza kukosekana katika kituo alichokuwa akienda. Alipimwa bure, akaandikiwa karatasi, akaambiwa akanunue nje, naye akarudia kugawa vidonge. Ninalo daftari hilo hadi leo, na ukurasa ambapo tarakimu zilianza kupanda tena unaonekana wazi. Baadaye nilisoma kwamba jimbo la Oregon nchini Marekani liligawa nafasi za bima ya umma kwa bahati nasibu mwaka wa 2008, na watafiti wakawalinganisha waliozipata na waliozikosa. Baada ya takriban miaka miwili, wenye bima walikuwa wakimwona daktari zaidi, wengi zaidi walikuwa wamegunduliwa kuwa na kisukari, sonona ilikuwa imepungua, na hata mzigo wa madeni ya matibabu ulikuwa mwepesi; lakini kwa presha haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Niliposoma hayo nililikumbuka daftari la mama. Kadi humfikisha mtu mlangoni mapema, lakini kinachoshusha presha ni kidonge kinachomezwa kila siku.

Sasa tuje kwa swali lako. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa iliyokuwapo tangu 1966. Katika zahanati na kituo cha afya, huduma za msingi hugharamiwa na mfuko wa serikali, na unachohitaji ni kusajiliwa tu. Malipo yako ya mwaka ndiyo yanayokulinda ukihitaji kulazwa au kupelekwa hospitali kubwa. Wenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, nasi wa sokoni tunatakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja, jambo ambalo naona ni kosa la kweli, kwa kuwa mapato yetu huja siku kwa siku. Sisi katika chama chetu tumelitatua kwa kuweka akiba ya SHA kila Ijumaa, kando na fedha za mzunguko, na hakuna anayeruhusiwa kuikopa.

Lipa, ndugu yangu. Na kama una mzazi, kumbuka kwamba malipo yako yanamhusu mkeo na watoto, kwa hivyo mzazi asajiliwe kivyake. Mpeleke wewe mwenyewe akiwa na kitambulisho, tena uende mapema. Vidole vya mama vimesuguliwa na jembe miaka mingi, mashine ikavikataa mara mbili, na ilibidi aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu na kungoja hadi adhuhuri ndipo kidole gumba kikasomeka. Kabla hamjaondoka, uliza dirisha la dawa ni siku gani ya mwezi shehena hufika, kisha uombe tarehe yake ya kliniki iwekwe karibu na siku hiyo.