Mpaka ulitangazwa baada ya uhuru

Hapana ndugu, unayesema watu walijua mpaka wa India na Pakistan siku ya uhuru, siku hiyo ulikuwa bado haujatangazwa, ulitoka tarehe 17 Agosti 1947, siku mbili baada ya India kuwa huru. Bibi yangu alikuwa wilaya ya Gurdaspur, jimbo la Punjab lililogawanywa, anasema bendera ya Pakistan ilipepea pale kama siku tatu hivi halafu wakaambiwa nyie mko India, majirani Waislamu wakaanza kufunga mizigo, mmoja akawaachia kina bibi funguo za nyumba na mbuzi wake. Huyo Mwingereza aliyechora mpaka, Radcliffe, hakuwahi kufika India kabla ya hapo na alipewa wiki tano tu! Ila sio Gurdaspur yote ilibaki India, sehemu yake moja, Shakargarh, ilienda Pakistan.