Pumu iliyokuja baada ya jeshi

SWALI: Mume wangu alikuwa jeshi la Marekani, akahudumu Iraki mwaka 2005. Kambi yao ilikuwa karibu na shimo la kuchomea taka. Alirudi na begi ambalo hadi leo linanuka moshi. Pumu ilimpata mwaka 2013, miaka saba baada ya kuvua sare. Dai lake la fidia ya ulemavu likakataliwa, eti hakuugua akiwa kazini. Amekata tamaa. Kuna njia?

JIBU: Ipo, dada yangu, tena mwambie leo hii. Tarehe 10 Agosti 2022 Rais Biden alitia saini Sheria ya PACT, inayohusu wanajeshi wa zamani waliokumbana na moshi na sumu wakiwa kazini. Kwa waliohudumu Iraki tangu Agosti 1990, pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi huchukuliwa kuwa imetokana na utumishi. Mzigo wa kuthibitisha kuwa ni moshi ule uliomdhuru umeondolewa. Aonyeshe tu kwamba alikuwa huko, na kwamba anaugua.

Kwa kuwa alishakataliwa, ajaze fomu namba 20-0995, ya dai la nyongeza, yaani kuomba dai lililokataliwa liangaliwe upya. Aambatanishe cheti cha kuachishwa jeshi, vipimo vya mapafu na orodha ya dawa. Dawa asizipuuze, kwani huhesabiwa katika kupanga kiwango cha ulemavu.

Nimeketi na wastaafu wengi tukijaza fomu hizi, na wengi huandika “naendelea vizuri” huku wakihema. Inaniuma sana. Kwa hiyo andika wewe pia, kama shahidi: usiku huamka mara ngapi, ngazi hupanda ngapi kabla ya kusimama. Na lile begi, litaje.