Picha safi, intaneti inakatika: badilisha nafasi ya modemu kabla ya kununua busta

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Naishi Tudor, Mombasa. Waya wa koaksia wa kampuni ya kebo unaingia nyumbani kupitia ukuta wa sebuleni. Aliyetuunganisha aliacha splita ya njia mbili: njia moja inakwenda kwa dekoda, nyingine kwa modemu. Juzi mume wangu aliongeza splita ya njia nne ili TV ifike chumba cha watoto na cha mama mkwe. Sasa modemu iko kwenye hiyo ya njia nne pamoja na vyumba viwili, na tundu moja liko wazi. Picha ni safi kila chumba, lakini intaneti inakatika, na mvua ikinyesha ndio kabisa. Ninunue busta, kile kikuza ishara? Pia tuna dishi juu ya paa, je, waya wake naweza kuutia kwenye splita hiyo hiyo?

JIBU: Aleikum salaam dada yangu. Pesa ya busta iweke kwanza. Kama ulivyoeleza, hapo kuna kosa la mpangilio, na dawa yake ni kubadilisha waya mbili nafasi.

Neno lililonipa mwanga ni hilo la picha kuwa safi. Dekoda kazi yake ni kupokea tu. Modemu inapokea na pia inajibu: kila unapofungua ukurasa au kutuma picha, inarudisha ishara hadi kwenye mitambo ya kampuni kupitia waya ule ule. Splita nayo inakata pande zote mbili, ishara inayoingia na inayotoka.

Tazama mwili wa splita, utaona nambari zimechapwa kando ya kila tundu. Ya njia mbili huandikwa 3.5 dB (desibeli, kipimo cha nguvu inayopotea), maana yake kila tundu linatoa chini kidogo ya nusu ya nguvu iliyoingia. Ya njia nne ni 7 dB au zaidi kidogo. Modemu yako imepita kwenye zote mbili, kwa hiyo imepoteza desibeli 10.5. Ishara inayoifikia haifiki hata moja ya kumi ya ile iliyoingia nyumbani kwako. Mitambo ya kampuni ikiona jibu ni hafifu, huiamuru modemu ipaze sauti. Inapaza, inapaza, mpaka inafika kikomo chake. Hapo kitu kidogo tu kikiongezeka, kama unyevu wa mvua kwenye koneka (kile kichwa cha kuungia waya), mawasiliano yanakatika na modemu inaanza kujitafuta upya. Ndiyo maana TV hazilalamiki na intaneti inalala.

Kabla ya kugusa kitu kingine, fanya jaribio moja. Fungua waya wa kampuni kwenye splita ya kwanza, uufunge moja kwa moja kwenye modemu, kisha uiache siku nzima bila TV. Najua watoto watanuna. Intaneti ikitulia, shida ni mgawanyo wa ndani. Ikiendelea kukatika, shida iko nje na kampuni ndiyo yenye jukumu.

Ikitulia, modemu na dekoda ya sebuleni zibadilishane nafasi. Modemu ikae kwenye tundu la splita ya njia mbili, tundu la pili liende kwenye ya njia nne, na dekoda ya sebuleni iungane na vyumba vile viwili huko. Modemu itakuwa imerudishiwa desibeli 7, yaani mara tano ya nguvu iliyokuwa ikipata. Sebuleni kutapungua, lakini haitapata chini ya vile vyumba, ambavyo umesema picha yake ni safi. Tundu lililobaki lifunge kwa kifuniko maalumu chenye ukinzani wa ohmu 75. Tundu likiwa wazi, ishara hugonga pale na kurudi nyuma, na kelele za nje hupata pa kuingilia. Hicho kifuniko ndicho kitu pekee utakachonunua.

Angalia pia masafa yaliyoandikwa kwenye splita. Kwa kebo yenye intaneti yanapaswa kuanzia 5 MHz, kwa sababu modemu hujibu kwa masafa ya chini kabisa. Sokoni kuna splita za antena na za dishi zinazofanana sana na hizi, ila zinaanzia juu zaidi. Ukifunga hiyo, modemu inakuwa bubu.

Busta nyingi za TV ndivyo zilivyo pia: zinakuza kinachoingia na kuziba kinachotoka. Na ishara iliyokwisha kuchafuka ukiikuza, umekuza na uchafu wake.

Sasa hilo la mvua, ambalo kwa sisi wa pwani nalitilia mkazo sana. Kiini cha waya wa RG-6, aina ya koaksia itumikayo majumbani, mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba, na masafa ya juu hupita kwenye ile ngozi ya shaba ya nje. Hewa yetu ya chumvi ikiingia kwenye koneka, shaba inaota ukungu wa kijani, chuma kinashika kutu, na njia ya ishara imekwisha. Nimewahi kufungua koneka ya ukutani hapa Mombasa, maji yakanidondokea kiganjani. Waya ulikuwa umeshuka kutoka paani moja kwa moja hadi kwenye tundu la ukuta, na mvua ikaufuata kama ngazi. Kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke pale. Koneka ziwe za kubanwa kwa koleo lake, si zile za kuzungusha kwa mkono. Kiini kichomoze kama milimita 3 kupita ukingo wa koneka, na hata unyuzi mmoja wa wavu wa nje usikiguse.

Waya wa chumbani usiubane chini ya mlango wala kuukunja kwenye kona kali. Mkunjo usizidi ukali wa duara la kisahani cha chai. Usiutembeze sambamba na waya wa stima. Ikibidi vikutane, vipishane kama msalaba. Kumbuka pia kwamba mita 15 za RG-6 hula karibu desibeli 3 kwenye masafa ya juu, kwa hiyo usiache mizunguko ya waya wa ziada nyuma ya kabati.

Dishi usilitie humo hata kidogo. Dekoda ya dishi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenye waya ili kuamuru LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea ishara) ichague mawimbi, na umeme huo hauna kazi kwenye splita ya kebo wala kwenye modemu. Hata dekoda mbili za dishi hazigawani waya mmoja kwa splita ya kawaida: moja inaomba 13, nyingine 18, na chaneli zinapotea. Chukua LNB yenye matundu mawili, kila dekoda ivute waya wake.

Ukishapanga upya, fungua 192.168.100.1 kwenye kivinjari. Modemu nyingi za kebo huonyesha hapo viwango vyao. Kinachopokelewa kiwe kati ya -7 na +7 dBmV (kipimo cha nguvu ya ishara), kinachotumwa kisipite 49 hivi. Vikiwa nje ya hapo hata modemu ikiwa peke yake kwenye waya, piga picha ukurasa huo umtumie fundi wa kampuni, na umwambie akague koneka ya kule nje kwenye nguzo.