Tuzo ya wanaoorodhesha vitabu
Wapo wanaodhani tuzo za ukutubi ni za wanaohudumia wasomaji mezani peke yao. Hapana ndugu, si hivyo. Chama cha Maktaba cha Marekani kina Margaret Mann Citation, hupewa waliofanya makubwa katika kuorodhesha na kuainisha vitabu. Henriette Avram, aliyebuni MARC, mfumo wa kuweka taarifa za vitabu kwenye kompyuta, aliipata mwaka 1971. Mimi ni mkutubi hapa Dar, nashinda chumba cha nyuma nikibandika 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili katika mpangilio wa Dewey, kwenye migongo ya riwaya za Kiswahili. Ukikosea tarakimu moja tu, kitabu kipo rafuni na msomaji hakioni, kwa hiyo heshima hii wanaistahili kabisa. Ila kitengo cha chama hicho kilichokuwa kikiisimamia tuzo hii, ALCTS, kiliunganishwa na vingine viwili mwaka 2020 kikawa kitengo kimoja kiitwacho Core. Sasa itafute huko.