Muulize Shangazi: Kaka kasema "hebu tuone", nisubiri au nijipange?

Barua za safari hii karibu zote ni za maneno, nani kasema nini na alimaanisha nini, labda ni hii baridi ya Arusha imewafungia watu ndani wanabaki kuchambuana. Haya tuanze.

Shangazi shikamoo. Niko Sakina, nina kagenge kangu. Wiki mbili zilizopita nilimpigia kaka yangu nikamwambia "kaka mishe zinaendaje", akasema "aah tunasukuma tu, si unajua mwezi huu ulivyo". Nikamwambia nimekwama, ada ya mtoto imebaki laki tatu. Akakaa kimya kidogo, akasema "mmh... sasa... unajua mdogo wangu... hebu tuone, ntakucheki". Hajanicheki mpaka leo na mtoto wameshaanza kumrudisha nyumbani. Mume wangu anasema kaka amekataa, mimi nasema hajakataa maana hajatamka hapana. Nani yuko sahihi?

Marahaba mwanangu. Mumeo yuko sahihi, tena kaka yako alikataa mara mbili, na mara ya kwanza ulikuwa hata hujaomba.

Rudi pale mwanzo. Simu ya dada inayoanza na "mishe zinaendaje" kila kaka mwenye kazi anajua inaelekea wapi, pale ulikuwa unapima maji tu. Angekujibu "mishe ziko fresh, namshukuru Mungu" ungejua njia iko wazi, endelea. Yeye akakuambia mwezi mgumu, yaani alikuwa anakuzuia usiombe ili asije akalazimika kukunyima. Watu wengi wakisikia hivo wanageuza hapo hapo, "aah basi mi nilikuwa nakusalimia tu, wifi hajambo?", simu inaisha na hakuna aliyeomba wala aliyenyima. Wewe ukapita nayo, sikulaumu, ada ni ada.

Afu kile kimya. Kuna watafiti walipima mazungumzo ya lugha kumi wakatoa matokeo 2009, kuna Kijapani, Kikorea, Kideni, Kiitaliano mpaka lugha moja ya kule Namibia, Kiswahili hakikuwemo. Wakakuta kwa wastani mtu akiulizwa swali anajibu ndani ya kama sehemu moja ya tano ya sekunde, yaani unamaliza tu na mwenzio ameshadaka, na majibu ya kukubali yanakuja haraka kuliko ya kukataa. Hata sisi genge letu ni hilo hilo, muulize mteja "nikuwekee na vitunguu?" anayetaka anasema "weka" kabla hujashika kisu, asiyetaka anaanza "mmh, leo..." akiangalia pembeni.

Angalia na vile vijineno vya kaka, "mmh", "sasa", "unajua", "mdogo wangu". Ndiyo haina msururu wote huo, ndiyo ni "laki tatu eeh? inatakiwa lini?" basi. Mtu akianza kupanga vijineno mlangoni ujue kuna hapana iko nyuma inatafutiwa nguo ya kuvaa. Na "tuone" yenyewe, tuone akina nani? Hajajipa kazi, hajakupa tarehe. Angesema "ntakuangalizia Ijumaa" hiyo ni habari nyingine, Ijumaa ungekuwa na haki ya kumpigia.

Ila usimkasirikie. Hapana kavu kwa ndugu wa tumbo moja ni neno linalokumbukwa mpaka msibani, kaka kalikwepa kwa heshima yako na yake. Na pengine kweli hana. Tena kimya cha kwenye simu saa nyingine ni mtandao tu, mtu usimhukumu kwa kimya peke yake, huyu wako nimemhukumu kwa vyote kwa pamoja.

Cha kufanya, mpigie tena ila ulize kwa namna ambayo kukataa kutakuwa rahisi: "Kaka, kama ile mwezi huu haiwezekani niambie tu nijipange kwingine, mi sina neno." Hapo asiyenayo atakujibu fasta "kwa kweli mwezi huu haiwezekani", na mwenye nayo ndo ataanza "sasa... ngoja... labda nusu". Chukua hiyo nusu. Na shuleni nenda leo ukaombe kulipa kidogo kidogo, usisubiri simu ya mtu.

Anti, konda wa kifodi anaita "bado mmoja tu, mmoja twende!" unapanda unakuta siti nne ziko wazi na mnakaa nusu saa. Si uongo huu?

Chalii wangu, ile sio taarifa, ile ni kuita abiria. Kila mtu stendi anajua, wewe mwenyewe unajua na bado unapanda. Angeita "bado wanne na dereva yuko chooni" nani angepanda? Ukitaka taarifa chungulia dirishani kabla hujaingia.

Shangazi, mama mkwe wangu yuko Rombo, ananipenda na mimi nampenda ila simu yake haiishi. Dakika za kifurushi zote zinaishia kwake. Siku moja nikamwambia "haya mama kwaheri" nikakata, jioni akamwambia mwanae nina haraka kama naendesha ambulansi. Nimalizeje simu?

Nimecheka hiyo ambulansi. Mwanangu kosa sio kwaheri, kosa ni kuiweka peke yake. Wamarekani wawili, Schegloff na Sacks, waliandika 1973 juu ya jambo hili hili la watu wanavyofunga maongezi kwenye simu. Wanasema hakuna anayeruka moja kwa moja kwenye kwaheri, kwanza mmoja anatoa kineno kitupu kisichoongeza habari, kumpa mwenzie nafasi kama ana la kusema aliseme, mwenzie naye akirudisha kitupu ndo mnaweza kuagana. Kwetu kazi hiyo inafanywa na "haya" na "basi". Unasema "haya mama", anasema "haya mwanangu", unasema "basi mama", anasema "basi, wasalimie", ndo kwaheri inaingia bila kumkwaruza mtu.

Sasa najua utasema, shangazi mbona nikisema "haya" ndo kwanza anakumbuka "ehee, nilisahau, ule mgomba wa nyuma umeanguka". Ndiyo, nafasi si umempa wewe, na ameitumia kihalali! Sikiliza mgomba, toa pole, kisha rudisha "haya" yako. Ukiona inajirudia mpe sababu iliyo upande wake, "acha nisikuchoshe mama, ukapumzike" au "ngoja nikuache ukaangalie ng'ombe". Ile ya "nina kazi" usiiguse. Na ukitaka iwe fupi kweli mpigie saa ya kukamua.

Mimi ni binti wa Majengo, Moshi. Mchumba aliniahidi ndoa mbele ya wazazi, nikalipia ukumbi na sare, sasa anasema yale yalikuwa maneno tu. Nina haki yoyote?

Pole sana mama. "Maneno tu" asikudanganye nayo. Mwalimu mmoja wa falsafa wa Oxford, J. L. Austin, alifundisha Harvard 1955 kwamba mtu akisema "naahidi" haelezi kitu, anafanya kitu, ndo maana ahadi huulizi kama ni kweli au uongo, unauliza imetimizwa au imevunjwa. Na sheria yetu inamsikiliza mtu kama wewe, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu aliyeahidiwa ndoa akaachwa adai fidia mahakamani. Ila ni ya hasara uliyoipata kweli kama hizo gharama za maandalizi, sio ya machozi, na mahakama haiwezi kumlazimisha akuoe (na sidhani kama bado unamtaka).

Kwahiyo tafuta risiti za ukumbi na za fundi, meseji zake usifute hata moja, waandike waliokuwepo siku ile ya ahadi, afu uende kwa wakili au msaada wa kisheria kabla hujaenda kugombana na mama yake.