Majeruhi akishatulia, muulize kuhusu pombe

Muuguzi mwenzangu, majeruhi wa bodaboda akiletwa dharura ananuka pombe ya mbege, usimhubirie. Ana maumivu, hakusikii. Zuia damu, kagua kichwa, kisha muulize yeye au waliomleta amekunywa mara ya mwisho saa ngapi. Iandike kwenye faili.

Saa hiyo utaihitaji wodini. Mtu anayekunywa kila siku akilazwa huwa ameacha ghafla bila kupanga. Mikono huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, jasho likamtoka, moyo ukaenda mbio. Degedege inaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona wasiokuwepo na kung'oa dripu. Nimewasikia ndugu wakinong'ona kwamba karogwa, na sisi wenyewe tukisema mgonjwa mkorofi. Huyo yuko hatarini. Mwite daktari mapema, maana dawa ya kutuliza ya dayazepamu na vitamini ya thiamini zinaokoa maisha. Ila kama aliumia kichwa usiisingizie pombe tu, huenda damu inavuja ndani ya fuvu.

Mazungumzo yasubiri akili ikae sawa na maumivu yapungue. Na ndugu watoke kwanza! Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu mwanaume hatasema kweli mama yake akiwa pembeni ya kitanda. Atakuambia anaonja tu kwenye sherehe. Vuta kiti ukae. "Kaka, naomba tuongee kidogo kuhusu pombe, usipotaka si neno." Wengi hukubali, mguu wenye POP, ile plasta ngumu, uko mbele ya macho yao.

Hapa Moshi, hospitali ya KCMC, mazungumzo ya namna hii yameandaliwa kwa ajili ya wauguzi, ya dakika kama 15, kwa jina la Punguza Pombe kwa Afya Yako. Muda huo tunao. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, la kupima unywaji wa pombe, lina maswali 10, na alama 8 kwenda juu ni onyo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi. Kwa mbege uliza ni kata ngapi, yaani vibuyu vya kunywea, na kata yenyewe ni kubwa kiasi gani.

Kisha muulize: kutoka 0 hadi 10, kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwako? Akisema 4, usilalamike kwamba ni ndogo. Muulize kwa nini hakusema 1. Ataanza kukutajia mwenyewe ada ya mtoto, marejesho ya pikipiki, mke aliyerudi kwao. Mwache aseme, usimkatishe.

Mpango autoe yeye: siku gani hatakunywa, nani atabaki na ufunguo wa pikipiki. Aliyetetemeka wodini asiruhusiwe kwenda nyumbani bila rufaa ya kitengo cha afya ya akili, na aelezwe kwamba akirudia kunywa kila siku asije akaacha ghafla peke yake. Wengine waulize tena siku ya kliniki ya mifupa, ukianzia kwenye ile namba waliyokupa.